Nafasi Iliyo Ubavuni mwa Mama

Kaa karibu, rafiki yangu, maana hili silisemi mbele ya watu wote. Nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka, na hata ukicheka, utacheka tukiwa pamoja. Wiki chache zilizopita tulimzika Fides hapa Pito, na pale alipolazwa ndipo nilipokuwa napataka mimi. Ubavuni mwa mama yangu. Nafasi ilikuwa moja tu, upande wa pili yupo mzee wa watu ambaye hata jina lake hatulijui, na ile moja kaichukua Fides. Watu walipotoka makaburini kuja kunawa mikono na kula, nikakaa na kinamama jikoni, mbele yangu sahani ya ugali wa ulezi na samaki wa kukaanga, mgebuka wa ziwani, na kila mmoja anasema lake. "Kapumzika pazuri, hakuna upepo." "Yuko na Mama Paska pale, watapiga soga hao." Mama Paska ndiye mama yangu. Paska ni mimi. Nikamega tonge, nikalirudisha sahanini. Kinamama wakaona machozi wakanipapasa mgongo, wakidhani yote ni ya msiba. Yalikuwa ya msiba. Lakini mengine, Mungu anajua, yalikuwa ya wivu, na wivu huo haukuanza siku hiyo. Ulianza mwaka nilioolewa.

Mwaka huo nilipanda kutoka Kirando nikiwa bibi harusi. Nilikuwa nimekulia huko ziwani kwa mama mkubwa, dada yake mama, tangu mama alipougua, kabla hajafariki, nikiwa mtoto mdogo hata sijui kufunga kitenge. Kwa hiyo nilirudi nilikozaliwa kama mgeni. Ile baridi ya mwezi wa saba ilinikuta sina hata sweta la maana. Nyumba ya mume wangu, baba Renatus, wakati huo hajawa baba wa mtu, ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na jiko la nje lenye ukuta mweusi kwa moshi, na mimi nilishinda humo jikoni kwa ajili ya joto. Majirani wakipita wanasema, "Yule wa dagaa yuko wapi?" "Kajificha jikoni, anadhani huko nje ni barafu." Sikujali. Nilikuja na jambo langu. Mama mkubwa aliponiaga alinishika mkono akasema, "Paska, mama yako yuko makaburi ya zamani, nyuma ya kanisa. Usitafute jina, msalaba wake ulikuwa wa mti, utakuwa umeoza. Tafuta bakuli lake la bati, la kijani, ukingo mweusi, lina tobo katikati. Nililitoboa mimi kwa msumari. Ukilikuta hilo, umefika."

Kama wewe si wa huku nikueleze kidogo. Wazee wetu wa pale, baada ya kuzika, walikuwa wanaweka juu ya kaburi chombo alichokitumia marehemu. Bakuli, kikombe, taa ya chemli, mwingine chungu chake cha pombe. Na chombo chenyewe wanakitoboa, ili kife na mwenyewe, na mwizi asikitamani. Msalaba unaoza, mvua inasawazisha tuta, lakini bakuli la bati linabaki. Ndilo lilikuwa jina la mtu. Wajukuu waliambiwa, babu yako ni yule wa chemli, bibi yako ni yule wa kikombe cheupe, na ilitosha.

Basi nilikwenda na mume wangu wiki ile ile niliyofika. Hatukuweza kuingia. Majani yalikuwa yamenipita kichwa, misalaba ya saruji imelala kifudifudi, mingine imekatika shingo, ng'ombe wamejikunia humo miaka na miaka. Na kule mwisho, mwenye shamba jirani alikuwa amesogeza matuta yake. Unayajua matuta yetu ya Ufipa, yale makubwa ya mviringo ya kufukia majani. Ukiyaona baada ya maharage kuvunwa, tuta la shamba na tuta la kaburi huwezi kuyatofautisha. Baba Renatus akasema, "Tusubiri wayafyeke." Nikasubiri.

Na kweli, mwezi wa tisa katekista alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba makaburi ya zamani yatafufuliwa kabla ya Siku ya Marehemu. Tutafyeka, tutainua misalaba, ya kuunga itaungwa, halafu utachimbwa mtaro kuzunguka, ng'ombe wasiingie tena. Moyo wangu ukaruka. Halafu akaongeza, "Upande wa mwisho ambao hauna alama, tumekubaliana na mwenye shamba, utabaki nje ya mtaro. Mwenye mtu wake kule amtambue mapema." Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: nikimpata mama kabla ya mtaro, ana mahali pake. Nisipompata, atalimiwa juu.

Msimamizi wa kazi alikuwa Fides, mwenyekiti wa kinamama wa jumuiya yetu. Alikuwa amenizidi miaka kama tisa au kumi, mrefu, sauti nene ya kuimbisha, kucheka kwake unakusikia kisimani. Na mama yake Fides alikuwa amezikwa humo humo, karibu kabisa na kanisa. Lo, kaburi lile! Baba yake alikuwa fundi, alilijenga mwenyewe kwa saruji nzuri, akapachika vijiwe vyeupe kuzunguka msalaba, na halikuwa na ufa hata mmoja. Fides akichoka kazi, anakwenda kukaa pale pembeni ya kaburi, anakula muhogo wake wa kuchoma, anaegemea msalaba kama mtu aliyeegemea bega. "Mama, sogea kidogo," anasema, na watu wanacheka. Mimi sikucheka. Umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ana kaburi? Wengine wanaona wivu kwa nyumba, kwa mume, kwa watoto. Mimi niliona wivu kwa saruji ile. Nilitamani mahali pa kukaa nikamwambia mama yangu asogee.

Siku ya kufyeka nilitaka kuwa wa kwanza na fyekeo langu. Lakini Fides alitugawa, na mgeni ndiye anapangiwa jiko. "Wewe bibi harusi nenda kapike, tuone kama wa ziwani wanajua kusonga." Nikasonga. Sufuria ilikuwa kubwa, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, maharage yanatokota pembeni, moshi unaniingia machoni. Kutoka makaburini nasikia nyimbo na mafyekeo, na Fides anaelekeza, "Safi! Nataka pawe safi kama madhabahu!" Nikajipa moyo, nikasema wakimaliza tu nitakwenda kutafuta bakuli langu. Walipokuja kula walikuwa wamechangamka kweli. Mama mmoja akasema, "Tumetoa takataka, jamani, mabakuli, makopo, vyungu, sijui watu walikuwa wanapika humo?" Mwingine akadakia, "Walikuwa na hoteli." Wakaangua kicheko. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria.

Nilikuta rundo nyuma ya kanisa. Vikombe, masahani, chemli iliyopinda, jembe lisilo na mpini, vyote vimetolewa juu ya makaburi na kumwagwa pamoja, tayari kwa kufukiwa shimoni. Bakuli la kijani lilikuwa katikati. Ukingo mweusi, tobo la msumari. Nikalichukua nikalifuta kwa kitenge. Nilikuwa nimeambiwa nikilikuta nimefika, na sasa ninalo mkononi na sijafika popote. Makaburi yalikuwa meupe, safi, yamepigwa fagio mpaka udongo umeng'aa. Yote yamefanana.

"Dada Fides," nikamwambia mbele ya watu, sahani yake ya chakula iko mkononi, "umenitupia mama."

"Mimi?"

"Hili lilikuwa wapi?"

Akaliangalia. "Sijui, mdogo wangu. Tulikuwa wengi, kila mtu alikuwa anabeba."

"Wa kwako hukumtupa."

"Wa kwangu hana bakuli."

"Ndiyo. Ana saruji."

Katekista akajaribu kusema kwamba vyombo vile ni mambo ya kizamani, kwamba marehemu anatambuliwa na Mungu. Nikamwambia, "Mungu anamtambua, mzee. Mwenye jembe je?" Na sikuwa peke yangu. Bibi mmoja alikuwa ameinama kwenye rundo anatafuta kikombe cheupe, na vikombe vyeupe vilikuwa vingi.

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda na bakuli langu mchana, nikimaliza kazi za nyumbani. Bakuli likikaa juu ya udongo miaka mingi linaacha duara lake, kama sufuria inavyoacha alama mezani. Kwa hiyo nikawa naliweka kila tuta, nalizungusha, natazama kama linakaa. Sehemu nyingi fagio lilishafuta. Sehemu nyingine lilikaa, halafu hata kwenye tuta la jirani likakaa. Wanaopita njiani wakaanza, "Bibi harusi anapakua!" "Leo anawapakulia nini?" "Dagaa!" Acha wacheke, nikasema. Nilikuwa nasali huku napakua. Na kila nikiinua kichwa, naona ule msalaba wenye vijiwe vyeupe unametameta juani, na roho inaniuma upya.

Jioni moja natoka darasani, maana mwaka ule ndio nilianza kusoma elimu ya watu wazima, nikamkuta Fides jikoni kwangu. Kakaa kwenye kigoda changu, kawasha moto wangu, anachochea uji wangu. Mume wangu kajibanza mlangoni kama mtu anayeogopa radi. Nikasalimia kwa shingo upande. Fides hakuzunguka. "Nimekuja kwa ajili ya mama yako," akasema. "Mimi nilimzika."

"Wewe?"

"Wewe ulikuwa umeshapelekwa Kirando. Mimi nilikuwa binti, nilikuwa kwenye mstari wa kumsindikiza. Mama yako ndiye alinifundisha kusonga ugali, unajua? Mama yangu alikuwa mgonjwa mgonjwa, nilikuwa nashinda kwenu. Alikuwa na sauti nyembamba, akipepeta ulezi anaimba na midomo imefumbwa. Akikasirika anasema, 'Haya, endeleeni, mimi nipo natazama.' Na wewe alikuwa anakuita Bwana Shamba."

"Bwana nani?"

"Bwana Shamba. Ulikuwa huchoki kula udongo wa matuta. Anakufungua mdomo anakuta udongo, anasema, 'Bwana Shamba kaja kukagua.'"

Baba Renatus akacheka mlangoni. Mimi nikakaa chini kwenye majivu. Nataka unielewe, rafiki yangu. Kitu kile kilikuwa zawadi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na hapo hapo nilitaka kumnyang'anya ule mwiko nimtoe nje. Mimi sauti ya mama siikumbuki. Hata uso wake siukumbuki. Na huyu, mwenye kaburi zuri la mama yake, anayo pia sauti ya mama yangu, anaimba jinsi alivyoimba, anakasirika jinsi alivyokasirika, na jina langu la utotoni alikuwa amelikalia yeye miaka yote hiyo. Alikuwa na mama wawili. Mimi nina bakuli lenye tobo.

"Kama ulimzika," nikasema, "alipo ni wapi?"

"Ndilo nililowaza wiki nzima. Kwa macho sipajui, pamebadilika. Lakini tulitoka mlangoni mwa kanisa na rozari, Matendo ya Uchungu. Mimi nilikuwa nimeshika rozari ya mama yako, nilipewa niishike. Jeneza lilipowekwa chini, tulikuwa tendo la nne, Yesu anachukua msalaba, na mikono yangu ilikuwa karibu na mwisho wa kumi lile la Salamu Maria. Nakumbuka kwa sababu katekista wa wakati ule alisema tumalizie kwanza, tusimwache Bwana njiani."

Nikamwelewa kabla hajamaliza: tutembee tukisali, rozari itupimie njia.

Kesho yake asubuhi tukaenda. Tulijaribu kwanza mikono mitupu, tukafika mbali mno, mpaka kwenye matuta ya shamba la jirani. Fides akasimama akasema, "Hapana. Mtu aliyebeba jeneza hatembei hivi." Kulikuwa na mfuko wa saruji stoo ya kanisa, wa kuungia misalaba. Tukauweka kwenye machela ya kubebea tofali, yeye mbele, mimi nyuma, tukaanza upya kutoka mlangoni. Salamu Maria, umejaa neema. Mzigo ule ulitukata mikono. Tendo la kwanza tulikuwa tunapita kaburi la mama yake, na Fides akainamisha kichwa kidogo bila kusimama, na mimi nyuma nikatazama vile vijiwe vyeupe kwa hasira nikajibu, Maria mtakatifu, Mama wa Mungu. Tendo la pili, la tatu. Upepo ulikuwa unavuma, unachukua maneno yetu. Wapita njia walisimama, lakini safari hii hakuna aliyesema tunapakua kitu. Wanaume walivua kofia. Walidhani kuna maiti. Tendo la nne tukavuka sehemu yote iliyofyekwa, tukaingia kule mwisho kusiko na alama, na nikaona kwamba kamba ya mtaro ilikuwa imeshavutwa na sisi tulikuwa tunakwenda upande wa nje yake. Karibu na mwisho wa kumi Fides akaniita bila kugeuka, "Paska, shusha."

Tukashusha. Tukamalizia zile Salamu zilizobaki, tusimwache Bwana njiani. Halafu tukapiga magoti tukaanza kutoa majani kwa mikono. Huku fagio halikufika. Mtu alipita akaokota bakuli akaenda zake. Kwenye kichwa cha tuta tukakuta kisiki cha msalaba wa mti, kimeoza mpaka kimebaki kama kidole. Mbele yake kiduara, ardhi imeshindiliwa, hakuna jani hata moja. Nikaliweka bakuli. Halikucheza.

Fides akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilimtazama anavyomlilia mama yangu, tena anajua anamlilia nani, ana uso wa kuukumbuka, na mimi nalilia nini? Hata kumpata, nikawaza, nimepewa kwa mkono wake.

Katekista alikuja mwenyewe akausogeza mtaro. Ukapita nje, ukamzunguka mama na jirani zake wote. Na Fides alifanya jambo jingine. Jumapili alisimama mbele ya kinamama akasema kila chombo kirudi, na kila familia itembee na rozari yake na mzigo wake. Wiki zile ungeona ajabu, watu wanabeba magunia ya mahindi kwenye machela wakisali, wanamtafuta babu wa chemli. Si wote walipatikana. Wengi walipatikana. Misalaba iliyokatika tuliiunga, Fides akitufundisha ya baba yake: toboa pande zote mbili, ingiza nondo fupi, saruji iwe nzito, halafu ifunike na gunia bichi, imwagilie kila siku kama mche, ikikauka haraka inapasuka. Usikwangue kwa waya, utakwangua na jina. Msalaba wa mama tuliumwaga wenyewe. Nikaandika jina lake kwa msumari kwenye saruji mbichi, kwa herufi zangu za darasa la jioni, moja inalala, moja inasimama. Bakuli Fides alilipachika chini yake, akalishindilia kwa kiganja.

Halafu akanawa mikono, akatazama pale ubavuni. "Hapa pazuri," akasema. "Mimi nikifa mnilaze hapa."

"Hapo ni pangu."

"Wewe una haraka gani?"

"Una mama yako kule, ana vijiwe. Kalale kule."

"Kule kumejaa, baba kaziba." Akacheka kile kicheko chake. "Basi, Bwana Shamba, atakayetangulia atapachukua."

Nikakubali. Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka yote ile, mwenye afya, sikuwaza kwamba hayo ndiyo mashindano ambayo mdogo anashindwa.

Tumeishi hapa kama ndugu tangu wakati ule, na watu wakituona tunatunza makaburi pamoja walidhani hatuna neno. Tulikuwa nalo. Kila Siku ya Marehemu alikuwa ananipa kitu kimoja cha mama, kimoja tu, kama anayetoa pipi. Mwaka mmoja, jinsi alivyovaa kitambaa. Mwaka mwingine, kwamba alikuwa anaogopa vyura. Nilikuwa nangoja siku hiyo kuliko Krismasi, na nilikuwa nachukia kwamba lazima nipokee. Alipolazwa hospitali mjini nilikwenda na uji, akanishika mkono akasema, "Yamekwisha, Paska. Nimekupa yote." Nikamwambia, "Muongo. Umebakiza." Akatabasamu. Sijui kama alibakiza.

Alipofariki, binti yake Editha alinijia nyumbani na wale wanaume wa kuchimba. "Mama mdogo, mama alisema wewe ndiye unajua anapopataka." Hakuna mwingine aliyejua. Baba Renatus alinitazama, akatazama chini. Kulikuwa na nafasi nzuri kabisa kule mwanzoni, karibu na lango. Nikavaa viatu nikaenda nao. Nikasimama ubavuni mwa mama yangu nikasema, "Hapa." Nilivyolitamka neno hilo meno yalikuwa yameumana. Lakini nililitamka, kwa sababu aliyekuelekeza alipo mama yako huwezi kumpotezea mahali pake.

Tulitoka mlangoni mwa kanisa na Matendo ya Uchungu. Rozari niliishika mimi. Jeneza liliposhushwa tulikuwa tendo la nne, karibu na mwisho wa kumi. Editha alileta sahani ya mama yake, na msumari akanipa mimi nitoboe.

Kwa hiyo sasa wako pamoja, yule mwenye sauti nyembamba na yule aliyeikumbuka, na duniani hakuna tena sikio lililowahi kumsikia mama yangu. Naomba unisaidie kulifikisha jambo hili. Waambie wa kwenu kwamba siku wakisafisha makaburi wasiinue hata kikopo kabla ya kuuliza. Na mkimsindikiza mtu, shika rozari yako vizuri, ukumbuke mmeishia chembe ipi, kuna mtoto wa mtu atakuja kukuuliza. Na huyo utakayemwambia, awaambie na wanangu, maana mimi nikiwaambia wanaziba masikio: nikifa wasinitafutie pazuri. Waniweke miguuni mwa wale wawili, hata kwa kukunjwa, nipo natazama, nisikie wanazungumza nini.